Bingwa Aliyeniomba Nimfute Kwenye Bango

Nilikuwa nakuza kichwa cha meya.

Hiyo ndiyo kazi yangu asubuhi nyingi hapa San Gaudencio. Nina duka la kuchapa mabango ya turubai nyuma ya soko la samaki. Mashine moja, kompyuta moja, na ufundi nilioupata peke yangu kwa kuharibu turubai nyingi.

Agizo la siku ile lilikuwa la mapokezi ya bingwa wetu, yaliyopangwa kesho yake. Futi kumi na mbili kwa ishirini. Atong Villarba, msaidizi wa meya, alikuwa ameniandikia maelekezo: kichwa cha meya kizidi cha mara iliyopita, meno yaonekane, bingwa akae nyuma ya bega.

Nikavuta. Kichwa kikakua.

Bingwa akabaki sikio moja, ngumi moja na kipande cha mkanda.

Mara mlango ukasukumwa, akaingia mtu mwenye kofia na miwani nyeusi. Alipoivua miwani nikamtambua kwa shida. Jicho la kulia lilikuwa limevimba hadi likafunga, na nyuzi sita juu yake.

Alikuwa Welbert Maglangit. Bingwa wa dunia. Mwenye lile sikio nililokuwa nalisogeza.

"Nong Pidyong," akasema, kwa heshima ileile ya kuniita Nong, yaani kaka mkubwa, tangu alipokuwa akiuza karanga stendi, "naomba unifute."

"Nikufute wapi, Dong?" nikamuuliza; kwetu kijana huitwa hivyo.

"Humo. Mwache meya peke yake. Si ndiye aliyepigana?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Niseme ukweli, safari yote ya Welbert naijua kwa futi. Sijawahi kukanyaga ulingo, lakini mabango yake yote nimechapa mimi.

La kwanza liliagizwa na mama yake, Nanay Sima, Welbert alipoingia timu ya mkoa. Futi mbili kwa tatu. Uso wa Welbert tu, na maneno: Hongera mwanangu, rudi ule.

Alipochukua mkanda wa taifa, mwenyekiti wa mtaa akataka picha yake iwekwe pembeni. Ndogo tu, alisema, kama stempu.

Alipochukua mkanda wa dunia kule Osaka, stempu zikawa kumi na saba. Madiwani wote. Mke wa diwani. Daktari wa mifugo wa wilaya, eti aliwahi kumpa lifti. Mwalimu aliyemrudisha darasa mara mbili akaja kuagiza lake: "Nilimlea kwa mikono yangu."

Na meya akawa mkubwa kama mlango wa kanisa.

Watu hawatupi turubai nzuri. Zizi la nguruwe la jirani yangu limeezekwa kwa tabasamu la meya. Nanay Sima ameziba ukuta wa jiko kwa bango la mwaka juzi, na kila asubuhi hukaanga dagaa mbele ya yale meno. Nilikuwa nikipita pale nacheka peke yangu.

Nilijiona mwenye akili kuliko wote. Wao wanamla bingwa, mimi nachapa tu.

"Kwa nini nikufute?" nikamuuliza.

"Kesho jukwaani watatangaza pambano la Aprili. Uchaguzi ni Mei. Nimewaambia sitaki tena ngumi. Atong ananijibu, bingwa hachoki."

"Si ukatae palepale?"

"Nong, mama yangu atakuwa amekaa mbele na maua shingoni. Mji mzima unapiga makofi. Wewe umeshawahi kumkatalia meya kwenye kipaza sauti chake?"

Sikuwahi. Hata bila kipaza sauti sikuwahi.

"Basi nichapie langu," akasema. "Picha yangu peke yangu. Andika: NIMEACHA NGUMI. ASANTENI. Nitalitundika alfajiri mbele ya nyumba ya mama. Msafara lazima upite pale."

Nikamwelewa. Hapa kwetu jambo haliwi kweli mpaka litundikwe. Watu wameoana, wamefaulu mitihani, wamesamehewa na wakwe, lakini bila turubai ni uvumi tu. Meya akitundika kwanza, Welbert amekubali. Welbert akitundika kwanza, ameacha.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Sianzi kazi upya kama iko ya zamani inayofaa. Nikafungua bango la Osaka, nikayaondoa maneno na zile stempu, nikaandika maneno yake, nikamweka yeye kulia, mzima, miguu na yote. Upande wa kushoto meya alikuwa bado amesimama. Nilikuwa sijamwondoa.

Welbert akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Safi kabisa," akasema. "Nimesimama peke yangu. Chapa."

Nikadhani ni utani. "Peke yako? Na huyu meya je?"

"Meya yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa kushoto.

Akageuza kichwa taratibu upande wa kushoto, kama kuku anayetazama punje. Akageuza tena. Kisha akasimama.

"Ah," akasema. "Huyo."

Akavuta kiti akakaa. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa na uvimbe, kwa hiyo siku ile alikuwa anategemea la kushoto. Na la kushoto, kumbe, lilikuwa na pazia jeusi.

"Limeanza tangu Osaka. Daktari mmoja wa mbali aliniambia utando wa ndani unabanduka. Ngumi moja ya maana, kwaheri."

Nikaikumbuka Jumapili iliyopita. Mji mzima tulijazana ukumbi wa mpira wa kikapu kuangalia pambano lake la kutetea mkanda kwenye kioo kikubwa. Kila ngumi iliyotoka kushoto kwake ilimpata. Kila moja! Alishinda kwa pointi chache mno. Na mimi, mdomo umejaa karanga, niliwaambia watu: "Mwoneni, mali imemfanya mvivu. Hata mkono hainui."

Hakuwa mvivu. Alikuwa hazioni zikija.

"Lakini Dong, si mnapimwa macho kabla ya pambano?"

"Tunapimwa."

"Sasa ulipitaje?"

"Nilikariri." Akasema kama mtu anayesimulia alivyojifunza kuendesha baiskeli. "Atong aliniletea zile herufi za ukutani kwa daktari, zimechapwa vizuri. Nikazitundika chumbani. Kila asubuhi nikitoka kukimbia nazisoma kwa jicho zima, mistari yote, kwenda na kurudi. Siku ya kupimwa wakilifunika jicho zima, mimi naimba tu."

Nikaigeukia kompyuta.

Kazi zangu zote naziweka kwa tarehe na jina la aliyeagiza. Sikutaka kufungua. Nikafungua.

Februari mwaka jana. Atong Villarba. Matumizi: shule.

Ilikuwa picha iliyopigwa kwa simu, upande upande, kwa haraka, na ukingoni ukionekana mkono wa koti jeupe. Herufi zilikuwa zimefifia. Nilizinyoosha moja moja, mchana mzima, kwa sababu sipendi kazi mbovu. Hata niliisifu mwenyewe. Sikujiuliza ni shule gani inapigia picha herufi kwa kujificha.

Welbert alinisogelea, akageuza kichwa chake vilevile hadi akaiona.

"Kumbe ulikuwa wewe?"

"Ni mimi, Dong."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Ulichapa vizuri sana, Nong. Herufi zilikuwa safi. Hata moja haikunisumbua."

Hakuwa ananikejeli. Ndiyo maana iliniuma.

Simu ikalia. Atong.

"Mzee, kichwa cha bosi vipi?"

"Kinakua."

"Meno?"

"Yamefika thelathini na mbili."

"Nakuja kulichukua saa kumi na moja jioni, liwe tayari."

Nikamtazama Welbert. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe.

"Halitakuwa tayari," nikasema. "Mashine ina kazi nyingine. Ya bingwa."

"Bingwa gani?"

Nawaapia, aliuliza hivyo. Mji huu una bingwa mmoja tangu uumbwe, na yeye akauliza, bingwa gani.

Nikakata simu.

Nikamwondoa meya, kuanzia viatu kwenda juu. Nikamsogeza Welbert katikati. Nikamsomea maneno moja moja, naye akayarudia. Kisha ile karatasi ya herufi nikaichapa ndogo, na chini yake nikaandika tarehe, jina la aliyeagiza, na jina la aliyechapa.

"Hii mpe daktari anayepima mabondia," nikamwambia. "Nikiitwa, nitakuja."

"Watakunyima kazi, Nong."

"Waninyime."

Nilisema kwa sauti ya chini. Mimi si jasiri. Robo tatu ya kazi zangu ni kichwa kilekile.

Ndugu msomaji, miaka tisa nimewacheka waliomla Welbert, kila mmoja na kipande chake. Nilihesabu meno ya wengine, kumbe la kwanza kumuuma lilikuwa langu. Ukikuta kichwa cha mtu kimekua kupita kiasi, kabla hujacheka, uliza nani alikivuta.

Sasa ni jioni. Atong amekuja, amegonga, ameondoka na matusi yake. Bango la Welbert limelala sakafuni, wino bado unanata, na haliguswi mpaka likauke.

Kompyuta sijaizima. Kichwa cha meya nilichokisogeza pembeni bado kimo, hakina shingo wala bega, kinacheka hewani.

Kesho kabla ya jogoo nitatoboa matundu ya kamba. Matundu manane. Nanay Sima ameniletea ngazi.