Mama Spoku na tope lisilotakiwa kulala

Saa tatu kasoro robo asubuhi, pampu iko kimya. Mama Spoku anashusha spoku ya baiskeli ndani ya chupa ya jamu iliyojaa tope la kijivu. Inazama vizuri, kisha, vidole viwili kabla ya kufika chini, inagonga kitu kigumu. Anaichomoa, anaishusha tena. Inagonga palepale.

"Limelala," anasema, na uso unambadilika.

Mama huyu wa miaka hamsini na moja ni mkoroga tope katika mtambo wa kuchoronga kisima cha gesi. Tope lenyewe ni maji, unga wa kushikia, na unga wa jiwe zito uitwao baraiti. Uzito huo ndio unaoikandamiza gesi huko chini, zaidi ya kilomita mbili, isipande. Tope likisimama muda mrefu na halina nguvu ya kushika, baraiti inazama na kulala chini, la juu linabaki jepesi, na gesi inapata upenyo.

Usiku wa kuamkia leo pampu iliharibika na tope limesimama kisimani kwa saa saba. Kisima kimeinama kuanzia katikati, na huko kwenye mwinamo ndiko baraiti hulala haraka. Fundi ametoka kutangaza kwamba pampu imepona. Msimamizi wa zamu, jamaa mrefu asiyejua kukaa chini, anataka mabomba yavutwe mara moja ili wabadilishe kekee, lile jino la chini linalotoboa mwamba.

"Mama, nimepima tope la tangini, hapa juu, mwenyewe. Kilo moja na nusu kwa lita, haijapungua hata chembe. Unataka nini tena?"

"Tangini kuna mapanga yanakoroga kutwa nzima, baba. Kule kisimani anakoroga nani?"

"Yaani chupa ya jamu inisimamishie mtambo?"

Wafanyakazi wawili watatu wanacheka. Wamezoea kumtania kwamba baiskeli yake ilizama kisimani na bado anaitafuta. Siku nyingine naye hucheka nao. Leo hacheki.

Miaka kumi na moja iliyopita, katika mtambo mwingine, yeye ndiye aliyepima tangini, akakuta uzito uko sawa, akatia saini. Mabomba yakavutwa. Gesi ikapanda na kulipuka. Mdogo wake wa kiume, mfunga mabomba aliyekuwa amesimama mdomoni mwa kisima, alipona kwa majaliwa tu, lakini masikio yake hayajasikia tena tangu siku hiyo.

"Niliandika namba ya kweli," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Sikudanganya, sikusinzia. Nilipima mahali ambapo hapakuwa na shida."

Tangu hapo, kila tope analokoroga analijaza chupani na kuliacha rafuni, lisitikiswe na mtu. Mdogo wake naye alikataa katakata kukaa nyumbani. Ndiye yule pale juu kwenye jukwaa la mtambo, mwenye kofia ya njano, mikono tayari kwenye bomba. Yeye na dada yake wana ishara yao: spoku ikisimama wima, endelea, ikilazwa, acha.

Mama Spoku anatoka nje na kuinyanyua spoku juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, ikiwa imelazwa. Mdogo wake anaachia bomba na kurudi nyuma hatua tatu. Wenzake wanatazamana, kisha mmoja mmoja wanamfuata.

"Hivi hapa msimamizi ni nani?" Msimamizi amefura. Anatazama saa, anatazama kisima. "Haya. Zungusha tope kwanza. Ukikosea, maelezo utaandika wewe."

"Nitaandika."

Pampu inawashwa kwa mwendo mdogo, mabomba yakizungushwa taratibu. Wakiikurupusha, anaeleza, presha inaweza kupasua mwamba. Anasimama na mizani yake pale tope linapotokea. Moja nukta tano. Moja nukta tano tena. Msimamizi anaguna. Nusu saa nzima namba ni ileile, na Mama Spoku anazidi kupima.

Dakika ya arobaini, tope la kwenye mwinamo linafika juu: moja nukta nne mbili. Kisha moja nukta tatu sita.

Msimamizi anampokonya mizani, anapima mwenyewe, anaiosha, anapima tena.

"Na mimi nilikuwa karibu kuyavuta mabomba," anasema.

Mpaka alasiri tope linazungushwa. Mama Spoku anaongeza unga wa kushikia kidogo kidogo. "Ukizidisha linakuwa udongo wa tofali, pampu inashindwa kulisukuma," anasema. Tope jepesi linapita, linafuata zito kupindukia, hadi namba inatulia. Kwenye chupa mpya iliyosimama saa kadhaa, spoku inafika chini bila kugonga.

Fomu ya zamu ina mstari mmoja tu wa uzito: tangini. Chini yake, kila siku, yeye huchora mwingine kwa rula na kuandika "Chupa". Amebakiza miaka minne astaafu, na anataka mstari huo uwe umechapwa kwenye fomu za kila mtambo kabla hajaondoka. "Sitaki mtu mwingine aandike namba ya kweli kama yangu," anasema.

Msimamizi, ambaye huuruka mstari huo siku zote, leo anausoma na kutia saini.

Mama Spoku anatoka na kuisimamisha spoku wima. Kule juu mdogo wake, asiyeisikia pampu wala kelele za wenzake, anaitazama, anatikisa kichwa kukubali, na kurudisha mikono kwenye bomba.