Utomvu Ulionukia Moshi

Safari hii ilianzishwa na yogati iliyokataa kushikana. Kiwanda chetu kidogo hapa Kitengela kilikuwa kikipeleka makopo dukani yakiwa mazima, na baada ya siku chache yanarudishwa: maji juu, mgando chini. Unga wa utomvu tunaotumia kuishikilia, ambao hutoka ng'ambo, ulikuwa umeadimika. Mimi ndiye fundi wa vyakula pale, kwa hiyo macho yote yalinigeukia.

Utomvu huo hutoka kwenye mgunga. Ni kabohaidreti ya aina yake: tumbo haliwezi kuimeng'enya, ikashuka hadi kwenye utumbo mpana na kuwalisha bakteria wazuri. Iliniuma kuungoja uvuke bahari wakati mbuzi wa Kajiado wanajikuna kwenye miti hiyo hiyo. Nilikuwa nimekutana na Mama Naserian sokoni Kajiado, akiwauzia utomvu kwa kikombe wanaopenda kuutafuna, nikamwomba aniwekee wa kutosha kujaribu. Bosi wangu, Bwana Mutua, alikubali shingo upande.

Asubuhi ya safari nilipakia yogati za wateja kwenye pikapu na kuondoka kabla malori hayajaziba barabara. Isinya nilipita mabanda ya maua, nikafika Kajiado, nikashusha mzigo, nikanywa chai ya haraka. Mbele kidogo niliacha lami na vumbi likanipokea.

Karibu na boma niliona migunga iliyofungwa kamba ya nailoni, rangi ya buluu. Nikafurahi. Nilidhani Mama Naserian ametia alama miti ya kugemwa.

Alinipokea mlangoni. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai, nami nikajibu "Iko" kwa lafudhi yangu ya Machakos, akacheka mpaka akashika ukuta. Tulipoketi nikamsifia zile kamba. Kicheko kikaisha.

"Hizo ni za shemeji yangu," akasema. "Amefunga miti ya makaa. Alisema kama hii utomvu haitaenda mahali, mwezi ikiisha anakata."

Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu mume wake, na shamba ni la ukoo. Si mtu mbaya, akanieleza, ana watoto shuleni na ng'ombe wake waliisha kwa ukame. Lakini miti ikienda, yeye na wanawake wenzake hawana kingine cha kukusanya wakichunga.

Kisha akaleta mzigo. Nilitarajia gunia, akaja amekumbatia vibuyu, vile virefu vya maziwa vilivyopambwa shanga. Nikafungua cha kwanza. Matone makavu, rangi ya asali, hayana mchanga wala gome, mazuri kuliko yote niliyowahi kuagiza. Halafu harufu ikanifikia puani. Moshi.

Nikamuuliza alivisafisha vibuyu kwa kitu gani.

"Na oloirien, kama ya maziwa," akajibu, akishangaa swali lenyewe. Huo ni mzeituni wa porini. Wanawake huchoma kijiti chake na kusugulia kaa la moto ndani ya kibuyu, ili maziwa yakae na yanukie vizuri. "Ama ulitaka niweke chakula ya watu kwa gunia ya mbolea?"

Kiwandani utomvu unatakiwa usinuke chochote. Nilitamani kumdanganya, lakini nilikumbuka zile kamba nikaona uongo ungempotezea tu siku alizobakiwa nazo. Nikamwambia. Akakifunika kibuyu taratibu.

"Kwa hivyo nimeharibu."

"Sijui, mama. Wacha niende nayo."

Njia ya kurudi niliendesha vibaya, nikiwaza. Vibuyu vilikuwa kando yangu kwenye kiti cha abiria, nimevifunga mkanda.

Kitengela niliutwanga utomvu, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchemsha na maziwa ya ndoo moja tu, nikayaacha yapoe, kisha nikatia chachu ya yogati. Kulipokucha yogati ilikuwa imeshikana vizuri, bila tone la maji juu. Bwana Mutua akanusa na kuniuliza kama nimeipikia jikoni kwa nyanya yake. Hiyo haiuziki, akasema.

Nikampa kikombe mlinzi wetu, Lemayian, Mmaasai wa Loitokitok. Alikunywa akiwa amesimama getini, kisha akaketi. "Hii ni maziwa ya nani kwetu?" akauliza. Akaomba kingine cha kumpelekea mama yake. Bwana Mutua aliona. Akachukua kijiko, akala akilalamika, akalalamika hadi akafika chini ya kikombe.

"Mwambie alete mwingine usio na moshi," akasema. "Na huu wa moshi pia, lakini asichanganye."

Nilichojifunza ni hiki: kazini tumezoea kutafuta chakula kisichonuka mkono wa mtu yeyote, tukakiita safi. Mama Naserian alisikia neno chakula, akatoa vyombo vyake bora. Sioni kama alikosea.

Nilimpigia simu kumpa agizo la Bwana Mutua. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ngoja," akasema.

Nikasikia nyayo kwenye changarawe, mbuzi, kitu kikivutwa kwa nguvu. Nikangoja na muda wangu wa simu ukaendelea kuisha.

"Nduku, uko?"

"Niko, mama."

"Nimekata kamba ya kwanza. Sasa naenda kumuonyesha shemeji."