Mwalimu Aliyeutia Ila Ukuta wa Msikiti

Mwalimu wetu wa hisabati, aliyestaafu Msambweni, amefariki dunia, na Alhamisi tulimzika hapa kwetu Munje. Inna lillahi. Nyinyi mnisomao kila wiki mwajua kuwa sina mazoea ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa, na huyu angenikasirikia kama ningeanza leo. Alikuwa msumbufu. Ukimwalika harusini, alikuja na somo. Pilau imeshawekwa mbele yetu, yeye atueleza kwamba hesabu ndiyo iliyopima mchele, aljebra ni ya kutafuta kisichojulikana, yaani kazi ya bwana harusi, uwezekano ni wa kukisia kama nyama itafika sinia la mwisho, na kalkulasi ni ya kujua sinia linaisha kwa kasi gani. Takwimu aliwaachia wanasiasa, ambao alisema huzipika vizuri kuliko mpishi wa harusi. Akimaliza, sinia ni tupu, na asiyekula ni yeye peke yake.

Jiometri ndiyo iliyomletea balaa. Ijumaa moja baada ya sala, watu wakivaa viatu mlangoni mwa msikiti wetu, alitangaza kwamba ukuta wa kibla haukuelekea Makka. Makka kutoka kwetu ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Ukuta ulikuwa umeelekezwa inakokwenda barabara, nayo hupinda kidogo mashariki. Kweli tupu, kila mwenye simu aliiona. Shida ni kwamba waliovuta kamba ya msingi ule walikuwa muadhini wetu, enzi za ujana wake, na marehemu baba yake. Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Basi Mwalimu, na sala za babangu zilikwenda wapi?" Mwalimu, badala ya kunyamaza, akapiga hesabu. "Kwa pembe hii, mzee, zilitua Yemeni."

Vijana walicheka. Imamu akaamua ukuta ubaki, busati lichorwe mistari ya mshazari ya kuelekea Makka, na kwamba waliosali kwa nia njema sala zao ni sahihi. Mambo yakaisha, isipokuwa kwa mzee. Tangu siku hiyo aliitikia salamu ya Mwalimu kwa kuwa kuitikia ni wajibu, wala hakuongeza neno. Mwalimu alikwenda kwake kumtaka radhi, akaambiwa mzee amelala. Saa nne asubuhi! Siku moja alinambia, "Hisabati ina matawi mengi, ndugu yangu. Hoteli zote hizi za Diani zimesimama kwa jiometri. Lakini tawi la kurudisha neno sijaliona." Sikumcheka, maana machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Kwetu maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Alhamisi vijana walianza kuchimba kaburi kwa kufuata ukuta wa msikiti, kama tulivyozoea. Mzee akaja na kamba yake, akawasimamisha.

"Mmepinda," akasema. "Ukuta ule tuliukosea mimi na babangu. Msimzike mtu kwa kosa letu."

Akapiga magoti mchangani, akavuta kamba upya, machozi yakimtiririka ndevuni. Mimi pia nililia, sioni haya kusema. Kwa hiyo, wenzangu wenye kujua mambo, ukimsahihisha mtu mwachie heshima yake. Huenda yeye ndiye atakayekulaza sawa.