Anakunja Parachuti, Anaomba Isifunguke

Saa mbili na robo asubuhi. Lavona Europa amepiga magoti juu ya meza ndefu ya mbao, analaza kitambaa cha rangi ya chungwa, mkunjo baada ya mkunjo. Nje, upepo wa Arniston, pwani ya Afrika Kusini, unagongagonga mabati ya karakana. Yeye hana habari nao.

"Nimechanganyikiwa, ndugu yangu," anasema bila kuinua kichwa. "Hapa unaniona nina akili timamu, lakini wapi!"

Kwa miaka kumi na moja, mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mbili amekuwa akikunja parachuti za ndege zisizo na rubani, zile ambazo manowari huzirushia makombora katika mazoezi. Kombora likipata, ndege huteketea na parachuti yake; likikosa, parachuti hufunguka, ndege ikashuka baharini salama na kuokotwa. Ameshakunja mia mbili na sita. Hakuna hata moja iliyogoma ilipohitajika.

"Zamani ndege ikirudi nilikuwa nashangilia mpaka sauti inakauka. Jasho langu lile!"

Kisha binti yake, Jodene, akaingia jeshi la majini, na mwaka huu akakalishwa kwenye kiti cha kufyatulia makombora hayo hayo.

Jumatano iliyopita ilikuwa mara ya kwanza ya Jodene kufyatua. Lavona alisimama ufukweni na wenzake. Moshi ukapanda kutoka melini, ukapasua anga, ukapotea. Halafu kule juu kikachanua kitambaa cha chungwa.

"Imefunguka! Hongera, Anti Lavona!" wenzake wakapiga makofi.

Alilia. Wakadhani ni furaha.

Jodene alikuwa amechelewa kufyatua kwa sekunde mbili. Ijumaa anajaribu tena. Akikosa, kiti anapewa mwingine, naye anarudishwa stoo kupanga mablanketi.

"Sasa nishangilie nini mimi?" Lavona anauliza. "Ikifunguka, mwanangu ameumia. Isipofunguka, kazi yangu ya siku nzima imekwenda na maji."

Msimamizi wake, Kallie Murtz, anapita na kikombe cha kahawa. "Ikunje ovyo tu, Anti! Msaidie mtoto."

"Hebu nitokee hapa! Akikosa amekosa, hata parachuti ikigoma na ndege ikazama."

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Vidole vimegusa mkunjo mmoja uliolegea, katikati kabisa, mahali ambapo mtu mwingine asingeuona. Anautazama kwa muda. Jana Jodene alimpigia simu: "Mama, usije ukanionea huruma."

Lavona anafumua kitambaa chote, anaanza upya.

"Mpango wangu wa Ijumaa? Hii naikunja vizuri kuliko zote," anasema, huku akijifuta macho kwa kiwiko. "Halafu nitasimama palepale ufukweni, nimwombe Mungu isifunguke."