Mpini wa Kinanda cha Makao

Shaibu Hafidhi hakujua kukaa. Ukimpa kiti atakikalia nusu kikombe cha chai, kisha utamwona keshasimama, anachungulia dirishani, anasogeza mtungi ambao hauna kosa lolote. Wenzake katika makao ya askari wastaafu pale Kilindoni walimzoea kama watu wanavyomzoea jogoo anayewika ovyo. Alikwenda vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini, akalazwa ndani ya handaki siku tatu kwa amri ya kutotikisika, na tangu alipotoka humo miguu yake haijaikubali amri hiyo tena. Ndivyo alivyoeleza mwenyewe, wala hakutaka kuonewa huruma.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni mpini. Kikanisa cha makao kina kinanda cha mabomba cha tangu enzi za Mjerumani, kirefu hadi darini, na nyuma yake kuna mpini wa mti unaopampu upepo kwenye mfuko mkubwa wa ngozi. Bila mtu wa mpini, kinanda kile ni kabati tu. Kila Jumapili Sajenti, mzee wa bara aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi, alikaa mbele akipiga, na Shaibu alisimama nyuma akipampu, kofia yake ya viua kichwani. Msikitini walimtania kwamba mwisho atabatizwa kwa jasho lake mwenyewe. Akawajibu kuwa upepo hauna dini, na watu wa pwani wangepaswa kulijua hilo kabla ya wengine. Kwa saa ile moja ya juma mwili wote ulipata kazi, na moyo ukanyamaza.

Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba fundi Mudrik anatoka Dar es Salaam kukikagua kinanda, na kwamba akikuta mfuko unavuja atafunga mota ya umeme, Shaibu alishikwa na kiwewe. Alizunguka ua mpaka Bi Shamsa, msimamizi wa makao, akamwambia atachimba mtaro kwa ndara. Mota ikija, Jumapili atafanya nini? Alikula wali amesimama.

Na kuvuja kulikuwapo, au ndivyo alivyodhani. Kila mfuko ulipojaa, kitundu kimoja cha juu kilifunguka na kupiga mluzi. Mtu mwingine angeuliza. Lakini Shaibu ni mtoto wa fundi wa kalafati wa kule Ras Mkumbi. Kabla ya jeshi alishinda chini ya vyombo vya baharini akishindilia pamba kwenye nyufa za mbao, na katika malezi hayo tundu ni adui, halina mjadala. Ijumaa baada ya swala alichukua patasi, nyundo ya mti, pamba, na kopo la sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, akalitia kalafati lile tundu kama baba yake alivyomfundisha: pamba tabaka tatu, mafuta juu. Kazi safi kabisa, ya kupelekwa baharini. Kikanisa kikanuka papa mchana kutwa, na Sajenti akamsingizia paka.

Jumamosi Mudrik alifika, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia. Alimwomba Shaibu apampu. Shaibu akaushika mpini kama aliyetumwa na serikali. Mluzi haukutoka. Mfuko ukajaa, ukavimba, naye akazidi kupampu maana mgeni anatazama. Kisha ngozi ikapasuka kwa mshindo mmoja.

Wazee waliokuja kutazama walijitupa chini ya mabenchi wote kwa pamoja, hata yule wa mguu mmoja. Shaibu peke yake alibaki wima, mpini mkononi. Mimi ningecheka, lakini wao hawakucheka. Waliinuka mmoja mmoja wakijikung'uta magoti bila kutazamana.

Mudrik alichomoa ile pamba, akainusa. Akaeleza polepole kwamba tundu lile waliliweka makusudi waliokiunda kinanda, ili upepo ukizidi upate pa kutokea. Ngozi ilikuwa nzima, alisema, ingestahimili kupampiwa kwa mkono miaka mingine kumi. Ataishona, na mpini unaweza kubaki, lakini kwa sharti moja: aliyeziba tundu asikiguse tena kinanda hiki. Akauliza ni nani.

Sajenti alisimama. "Ni mimi," alisema. "Niliona kinapiga mluzi, nikaziba."

Shaibu akamtazama. Mtu aliyepiga kinanda kile miaka tisa alikuwa anatoa vidole vyake ili mwenziwe abaki na mpini. Uongo ule ulikuwa mtamu, na Shaibu aliutamani, sitaficha. Miguu ilimsukuma mlangoni. Akaizuia.

"Sajenti hajui hata kushika patasi," alisema. "Hiyo ni kalafati ya kwetu. Nimeziba mimi."

Mudrik alishona na kubandika ngozi siku tatu. Na kwa kuwa mpini umekosa mtu, akafunga mota, akaondoka.

Jumapili ya juma lililofuata mota ilinguruma kidogo, upepo ukaja sawasawa, na Shaibu akakiri moyoni kwamba wimbo ulitoka laini kuliko alivyowahi kuupampu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, viganja amevibana katikati ya magoti, kisigino kinagonga sakafu. Kabla ya wimbo wa pili alikwishainuka aondoke.

Sajenti akageuka kitini mbele ya watu wote. "Shaibu, njoo unifunulie kitabu. Macho yangu leo hayaoni vizuri."

Padri akangoja. Shaibu alijua fika kwamba Sajenti hupiga nyimbo zote kwa ghibu, na kwamba kwa miaka yote tisa hajawahi kufungua kitabu. Sajenti naye alijua kwamba anajua. Shaibu akaenda, akasimama kando yake, na kila Sajenti alipotikisa kichwa, akafunua ukurasa.