Vyungu vya Kondoa, Chumvi ya Bahi

Siku yangu ya kwanza kazini, mnyapara wetu, yaani mkuu wa wapagazi, alinitwika mzega, ule mti wa begani wenye mizigo huku na huku. Nilibeba vyungu kutoka milima ya Kondoa. "Ukijikwaa, wewe ndiye uumie," aliniambia. "Goti lako litapona. Chungu hakiponi." Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha mapema, maana barabara ilipita mbele ya dirisha na nilitaka kujua inakwenda wapi. Ilikwenda Bahi, kwa Wagogo wapika chumvi.

Enzi hizo za Mjerumani, chumvi ilipikwa kiangazi. Wanawake walikwangua udongo mweupe wa mbugani, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha maji hayo mpaka chumvi ibaki chunguni. Mvua ikinyesha, udongo husombwa na kazi imekwisha. Kwa chumvi hiyo mmoja wao, Mama Masima, alipata mtama wa kulisha nyumba yake hadi mavuno. Vyungu alivipata kwa Bibi Mwasiti, mfinyanzi wa Kirangi kule Kondoa, aliyelipwa chumvi. Mimi nilikuwa miguu yao.

Ndipo akaja akida mpya, mtawala wa eneo aliyewekwa na Mjerumani, akafunga njia. "Kila kijiji kijitosheleze," alitangaza. "Udongo mnao, mikono mnayo. Vyungu vya Warangi vya nini?"

Mama Masima akafinyanga kwa udongo wa mbugani, uleule wa chumvi. Vyungu vilipendeza. Vilipopata moto vikapasuka vyote, maji yakazima jiko. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Wewe mzururaji," aliniambia, "leo uzururaji wako una faida. Nenda kwa Mwasiti."

Nilimkuta Bibi Mwasiti akichemsha majivu apate chumvi. Nikaonja.

"Bibi, hii ni dawa ya minyoo!"

"Cheka tu, mjukuu wangu. Nyumba nzima imesusa mboga. Na nimeacha kufinyanga ili nipike uchafu huu."

Akanipa vyungu vyake. Sikuvipitisha porini, maana kwa kujificha ningepita mara moja tu na njia ingebaki imefungwa; nilikwenda navyo moja kwa moja barazani kwa akida.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Umeniletea magendo mpaka mlangoni?"

Kabla sijajibu, mkewe aliita kutoka jikoni: "Mwache apite! Nimechoka kukupikia nyama isiyo na chumvi, halafu unaninunia mimi!"

Askari waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Akida akasema, "Pita. Na wengine wote wapite, isisemwe nimekupendelea."

Mvua iliponyesha, chumvi ya Mama Masima ilikuwa tayari darini.

Sasa miguu imegoma, na vijana huniuliza nilitengeneza nini maishani. Hakuna. Lakini nimeona kwa macho yangu: kila mmoja alipobaki na kazi anayoiweza, na njia ikawa wazi, milimani walikula vizuri na mbugani walikula vizuri, nami nikala kotekote. Wanawake wale hawakuonana hata siku moja. Ila kila nilipotua mzega, Mama Masima alikigonga chungu kwa kidole, akasikiliza kinavyolia, akatabasamu: "Mwenzangu bado ana nguvu."