Nilivyomchora Mkoloni, Dume la Mzee Marwa

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu yeyote wa kwetu Bukoba, maana kule wananijua kama mchoraji mkubwa wa wanyama na heri waendelee kudanganyika, lakini ninyi mmeshaniona nikivuka barabara kumkwepa ndama, kwa hiyo nikificha nitakuwa namficha nani.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi moja huko Serengeti, ng'ambo ya Kisaka, nikafika na sanduku la brashi na kichwa kikubwa kuliko sanduku lenyewe. Nilidharau kila nilichokikuta. Ukutani mwa kilabu cha pombe palikuwa na picha ya simba (simba gani ana uso wa bibi aliyenyimwa ugoro), nikamdharau aliyeichora, seremala mmoja mpole asiye na makuu, nikamwambia mbele ya wanywaji wenzake kwamba mtu asiyeweza kumtazama mnyama macho kwa macho aachane na brashi, arudi kwenye randa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamchora paka wa mwalimu mkuu, mbwa wa katibu kata, na pundamilia ukutani mwa darasa la tatu, na watu walitoka vitongojini kuja kumshangaa yule paka, basi nikavimba.

Sasa pale zahanati palikuwa na nesi anaitwa Bhoke, binti wa Mzee Marwa, na sitaki kuzunguka mbuyu, nilimpenda mpaka nikawa naumwa kichwa kila wiki ili nikapewe aspirini. Baba yake alikuwa na ng'ombe dume, mweusi tii mwenye baka jeupe kifuani, aliyemwita Mkoloni kwa sababu alikuwa anaingia shamba la mtu bila hodi na hatoki mpaka ashibe. Mzee alimpenda Mkoloni kuliko wanawe (nasema nilivyoona). Basi sikukuu ya wakulima ilipokaribia, mwenyekiti wa kijiji akatoa wazo kwamba jukwaani iwekwe picha kubwa ya Mkoloni, mgeni rasmi na wageni wa vijiji jirani waone maendeleo ya mifugo, na Mzee Marwa akaniita pembeni akasema, "Mwalimu, hii ng'ombe ukiichora vizuri, ile habari yako tutakaa tuizungumze." Ile habari yangu ilikuwa Bhoke.

Nikaenda bomani kwake asubuhi na ubao wangu na mkaa wa kuchorea. Mzee alikuwa ndani anavaa viatu, mimi nikatangulia zizini, kidume, na Mkoloni akageuza kichwa taratibu akapuliza pua, vumbi likanyanyuka, na mimi mtu wa migomba, niliyezoea kumwona ng'ombe akiwa sahani moja na ndizi, nikajikuta nje ya zizi bila kukumbuka nimepita wapi. Mzee alipotoka alinikuta kwenye kivuli cha ghala, nimekumbatia ubao, jasho linanitoka.

"Umeshaiona?"

"Nimeshamwona, mzee wangu. Tayari yuko kichwani."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema tu kwamba naogopa, mzee angemshika kamba, kazi ingeisha kabla ya chai, lakini nani amwambie baba wa mchumba kwamba anaogopa ng'ombe, tena Mkurya.

Kichwani hapakuwa na Mkoloni, palikuwa na pua tu. Kwa hiyo siku ya mnada wa ng'ombe nikaenda, nikazunguka nyuma ya wauza chumvi, nikamkuta dume mweusi amefungwa kamba fupi kwenye mti, anacheua, macho yamelegea kama ya mjumbe aliyechoka kikao, nikakaa mbali naye nikamchora yeye. Baka la kifuani hakuwa nalo, nikasema hilo nitaongeza. Ila sikio lake la kushoto lilikuwa na mikato miwili, mithili ya jani lililoliwa na mdudu, na mimi nikafurahi kweli, nikajisemea seremala gani angeona kitu hiki, msanii wa kweli haachi kitu, nikaichora ile mikato kwa uangalifu mpaka vivuli vyake. Mtoto yeyote wa darasa la kwanza pale shuleni angeniambia kwamba huo si mdudu wala si mwiba, kwamba kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe wake, na ukilijua sikio umeshamjua mwenye mali. Lakini ningewauliza vipi watoto, na mimi ndiye mwalimu?

Picha sikumwonyesha mtu. Mzee aliomba kuichungulia, nikamwambia kazi ya sanaa haichunguliwi (sijui niliusoma wapi ujinga huo), nikaifunika kwa khanga niliyoazima kwa Bhoke.

Siku yenyewe watu walijaa. Mgeni rasmi alikuwa bwana mmoja wa wilayani, suti ya Kaunda imembana tumbo, akahutubia juu ya kujituma kwa muda mrefu sana akiwa amekaa kivulini na sisi tuko juani. Kisha nikaitwa. Ningefunua tu khanga nikakaa, lakini Bhoke alikuwa mstari wa mbele, basi nikashika kipaza sauti. "Ndugu mgeni rasmi, mnyama huyu nimemchora nikiwa nimesimama ubavuni mwake. Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu." Makofi yakapigwa. Nikafunua.

Makofi yakakatika. Mzee Marwa aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Halafu upande wa wageni akainuka Mzee Chacha, kiongozi wa ujumbe uliotoka Tarime, watu ambao msimu uliopita wezi walikuwa wamewasombea ng'ombe na hawajajulikana mpaka leo. Akatembea mpaka kwenye picha, akaweka kidole juu ya lile sikio nililolichora kwa mapenzi yote.

"Hii sikio ni ya kwetu," alisema. "Marwa, ng'ombe yangu inafanya nini kwako?"

Vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshasimama na fimbo zao. Mzee Marwa hakupandisha sauti, aliagiza tu Mkoloni aletwe watu wamwone, na alipoletwa, sikio lake la kushoto zima, mkato wa ukoo wao uko la kulia, mimi nikashusha pumzi, mjinga mimi.

"Hii ni nyingine," akasema Mzee Chacha. "Ile ambayo mwalimu alisimama ubavuni iko wapi? Mwalimu wa serikali amesema hakuongeza, hakupunguza. Ataongopa mbele ya mgeni rasmi?"

Hakuna aliyefikiri kwamba ningeongopa. Katibu kata akasema ng'ombe wote wa Mzee Marwa wapelekwe polisi mpaka ukweli ujulikane, na mzee mwenyewe aende nao, na mgambo wakaanza kumsogelea. Mama yake Bhoke akajifunika uso kwa kitenge. Bhoke alinitazama mimi.

Nikaanza na uongo, maana ndio uliokuwa karibu. "Wazee wangu, sanaa ina mambo yake, wakati mwingine mkono…"

"Sikio ni sikio," akanikata Mzee Chacha.

Basi nikasema. Nikasema sikumchora Mkoloni, nilimwogopa, nilikimbia, nikaenda kumchora ng'ombe wa watu mnadani. Nilidhani nikishajivua nguo hivyo mambo yataisha, kumbe hakuna aliyeniamini, mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo anamtetea mkwewe," na watu wakaitikia kwa kuguna. Uongo wangu walikuwa wameupigia makofi, ukweli wangu wakaugunia.

Hapo Mkoloni, ambaye vijana wawili walikuwa wamemshika kamba karibu na jukwaa, akapiga chafya. Chafya tu, wenzangu, hakusogea hata ukwato. Nilichofanya sikukipanga: nilijikuta juu ya meza kuu, soda zinamwagika, mguu mmoja uko ndani ya wali wa mgeni rasmi, mikono imeng'ang'ania kichwa cha mgeni rasmi mwenyewe, na sauti inayomwita mama yangu ilikuwa yangu.

Mzee Chacha alinitazama pale juu. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Huyu?" akasema. "Huyu hajasimama ubavuni mwa ng'ombe, labda iwe imekufa. Mura, kijana wangu, ulisema mnada upi?"

Nikamjibu nikiwa mezani, nikataja na wauza chumvi, na mmoja wa watu wake akasema ni kweli, siku ile waliuza dume pale. Fimbo zikashuka. Wazee wawili wakapeana mikono, mgambo wakarudi kivulini, na uwanja mzima ukacheka mpaka watu wakakaa chini, mgeni rasmi peke yake hakucheka, alikuwa anajifuta wali.

Mzee Marwa akaja mpaka mezani. "Shuka, mwalimu." Nikashuka, nikamwambia shikamoo (nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi), akaitikia marahaba.

"Umenisafisha jina, nashukuru," alisema, wala hakuwa ananong'ona. "Lakini ile habari yako. Kwetu mahari ni ng'ombe. Nani atakuswagia?"

Wakaanza upya kucheka. Bhoke naye alicheka, ameshika mbavu, na kicheko chake ndicho kilichoniumiza, wale wengine niliwazoea. Akaolewa na bwana mifugo, mtu asiyeweza kuchora hata yai, na harusini wakaniomba niandike bango la kuwakaribisha wageni. Niliandika, tena kwa herufi nzuri.

Siku hizi mtu akiniletea mnyama wake anataka picha, awe mbwa, awe beberu, namwambia kabla hajakaa kwamba huyo namwogopa, mshike wewe. Wengi wanacheka. Wacheke tu, mimi nimeshachekwa na niliyetaka awe mke wangu, hawa wengine watanifanya nini.